Jaribio Lililobakiza Mtu

Esta alikuwa ameinama juu ya beseni, akisugua magoti ya ovaroli ya mumewe kwa brashi, maji ya tatu na bado yanatoka mekundu, Raudha alipoingia uani bila kubisha hodi. Hilo tu lilitosha kumfanya aiache brashi. Raudha alilelewa na bibi yake wa Tabora, mwanamke mkali wa adabu, na hakuwa mtu wa kuvuka mlango wa mwenzake kimyakimya.

"Shikamoo, mama Loveness."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Jaribio limeanguka."

"Si lilianguka na juzi. Liendeshe upya, litapita."

"Nimeliendesha. Limeanguka. Nikaliendesha tena." Raudha alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Aliyebaki chini safari hii si Masalu. Ni Ndaki."

Esta akaitazama ovaroli iliyokuwa inaelea, mikono yake imejaa povu. Ndaki ni mumewe. Alfajiri ile alikuwa ameondoka kwa pikipiki kwenda machimbo ya Isakala, mbele ya Segese, na kwa wakati ule alikuwa chini ya ardhi.

Wanawake hawa wawili walifanya kazi kwa Kalisti, kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja pale Kahama, kwenye safu ya mashine za kukoboa mpunga. Walikuwa wameandika programu ya kikundi cha wachimbaji wadogo wa Isakala. Kila mchimbaji ana kadi. Akishuka anaigusisha kwenye mashine iliyo mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, akipanda anaigusisha tena. Baruti haiwashwi mpaka skrini iseme chini hakuna mtu. Zamani msimamizi alihesabu kwa macho, na kila familia ya kule inajua hesabu ya macho iligharimu nini.

Kabla badiliko lolote la programu halijapelekwa Isakala, kompyuta moja pale ofisini ililijaribu yenyewe, bila kushikwa. Iliwashusha wachimbaji wa kubuni, ikawapandisha, kisha ikauliza amebaki nani. Jibu linapaswa kuwa hakuna. Likiwa hivyo, skrini inakuwa ya kijani. Likiwa vingine, nyekundu, na jina la aliyebaki linaandikwa.

Kuyatunga majaribio hayo na kuyachunga ilikuwa kazi ya Esta. Alimaliza kidato cha nne, akafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi kwa miaka, Kalisti akamfundisha mengine. Hakuona ajabu yoyote katika kazi hiyo. Jaribio linaloanguka kila mara halina shida, kuna kosa mahali, unalitafuta. Linalopita kila mara ndilo unalolitaka. Shida ni lile linalopita asubuhi na kuanguka mchana wakati hakuna aliyegusa kitu. Pale ofisini waliliita kigeugeu, na kazi mojawapo ya Esta ilikuwa kuvifuatilia vigeugeu: kilianguka lini, kwenye mashine ipi, baada ya badiliko la nani, na je, mwongo ni jaribio au ni programu yenyewe. Maana watu wakizoea kwamba nyekundu ni mzaha, siku nyekundu itakayokuwa ya kweli hakuna atakayegeuza shingo.

Kigeugeu cha jaribio la kupandisha watu kilianza na masika. Aliyebaki alikuwa yule yule kila mara, Masalu, mmoja wa wale wachimbaji wa kubuni. Majina yao aliyaandika Kalisti mwenyewe, isipokuwa moja lililopungua, ambalo Esta alijazia la mumewe kwa sababu ndilo lililomjia kwanza.

Raudha alikesha na tatizo hilo hadi akagundua kwamba kadi mbili zikigusishwa kwa pamoja, moja inapotea. Nao wachimbaji ndivyo wanavyofanya: mtu anapanda amechoka, anamkabidhi mwenzake kadi, "nigusishie," anaenda kunywa maji. Raudha alirekebisha. Jaribio likapita, likapita, wakanunua chipsi mayai wakala pale pale mezani. Kesho yake Masalu akabaki chini.

Esta akaanza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Alichokiona hakukipenda. Jaribio halikuwahi kuanguka Jumapili, siku ambayo Isakala hawashuki. Lilianguka siku za kazi tu, na saa zile tu ambazo kweli kulikuwa na watu chini.

"Kompyuta haijui Jumapili, mama Loveness," Kalisti alimwambia.

"Najua haijui. Ndiyo maana nakuuliza."

Kalisti alikuwa mcheshi siku zote, lakini jina la Masalu likitokea kwenye skrini alikuwa anakaa nalo kwa muda, mkono mdomoni, kabla ya kulifuta.

Halafu ikaja harufu. Esta ndiye aliyekuwa anafungua ofisi asubuhi nyingi, na siku moja alisukuma mlango akakutana na harufu ya udongo uliochimbwa usiku huo huo, udongo wa ndani kabisa usioona jua, na ndani yake ukali wa baruti unaokwaruza koo. Akasema ni mashine ya mpunga, labda wamechoma pumba. Sakafu chini ya kompyuta ile ilikuwa na unyevu. Akapiga deki, akaendelea na kazi. Kesho yake unyevu ulikuwepo tena, na safari hii ulikuwa na umbo, viganja viwili na vidole vilivyotanuka, vimewekwa kwa ndani, kama mtu anavyoweka mikono kwenye ukingo wa shimo anapotaka kujivuta atoke. Akapiga deki tena. Hakumwambia mtu, maana alikuwa na watoto wa kuwapeleka shule na hakutaka kuitwa mwenye wazimu na bosi wake.

Sauti ndiyo iliyomfanya Raudha aseme. Mashine za kukoboa zikizimwa mchana watu wakale, mtaa wote unanyamaza ghafla, na katika ukimya ule wote wawili waliisikia, ikitoka chini ya saruji, nyundo juu ya tindo, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua ana muda.

"Umesikia?" Raudha alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ni panya?"

"Panya hashiki nyundo, mwanangu."

Kalisti alipoambiwa, aliamuru jaribio liwekwe karantini. Hivyo ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya na kigeugeu: kinatengwa, kinaendelea kuanguka peke yake huko kilikotengwa, na hakuna anayekisikiliza. Siku hiyo nyundo ilinyamaza ofisini. Jioni yake Esta aliisikia nyumbani kwake Nyihogo, chini ya sakafu ya jikoni, akiwa anakoroga uji, ikigonga mahali anaposimama, na aliposogea pembeni nayo ilisogea, na alipotoka nje akasimama uani kwenye udongo mtupu aliihisi kwenye nyayo. Asubuhi alimweleza Raudha, akalirudisha jaribio mahali pake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na sasa lilikuwa limembakiza mumewe.

Esta alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Ya Ndaki haikupatikana, na hilo halikuwa jambo, hakuna mtandao chini. Akampigia Eustace, msimamizi wa duara.

"Shemeji, habari za asubuhi," Eustace alisema. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Baba Loveness yuko wapi?"

"Ameshapanda. Wote wamepanda, tunataka kuwasha baruti."

"Umemwona?"

"Kadi yake imepanda. Skrini inasema hakuna mtu."

"Nakuuliza kama umemwona, Eustace. Uso."

"Nimemwona kwa mgongo. Kwenye mvua, anaelekea barabarani. Nikamsalimia, hakuitika. Nikasema labda amechoka."

"Usiwashe."

"Shemeji, watu wote wa duara wananingoja mimi."

"Ukiwasha na mume wangu yumo, utakuja kuniambia mwenyewe, mbele ya watoto wangu. Usiwashe mpaka nifike."

Raudha alikuja na pikapu ya baba yake, ambayo nyuma ilikuwa bado na majora ya vitambaa chini ya turubai. Walimpitia Kalisti ofisini. Walimkuta amekaa mbele ya ile kompyuta, skrini nyekundu usoni mwake, sakafu imelowa hadi mlangoni. Aliwafuata bila kuuliza waendako. Barabara ya Segese ilikuwa tope.

"Kalisti," Esta alisema. "Masalu ni nani?"

"Kaka yangu."

Raudha akapunguza mwendo.

"Alikuwa anachimba Isakala, duara la zamani, lile lililofukiwa," Kalisti alisema. "Msimamizi wa wakati huo alihesabu kofia. Akakosea. Wakawasha. Hatukumtoa, mwamba wote ulishuka. Nilipokuwa natafuta majina ya kuweka kwenye jaribio nikaliweka lake. Nilisema angalau humo awe anapanda. Kila siku anashuka, kila siku anapanda. Nilikuwa napenda kuliona."

"Na jana ulifanya nini?" Esta aliuliza. "Kwa sababu leo jina lake halimo. Raudha ameniambia waliobaki kwenye orodha."

"Nilichoka, mama Loveness. Kila siku ananibakia chini. Nikamfuta."

"Ulimfuta akiwa chini?"

Kalisti alikubali kwa kichwa.

Raudha alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa midomo tu, macho barabarani. Alipomaliza alisema, "Bibi yangu alikuwa anasema jini wa shimoni hana jina. Anatafuta la kuvaa ndipo apande kwa watu. Akikuta jina la maiti limeachwa ovyo, analivaa."

"Yule ni kaka yangu, si jini."

"Kaka yako angekuja kugonga chini ya jiko la mama Loveness amtafute nini?"

Mama yake Kalisti aliishi Segese, nyuma ya stendi. Alikuwa Mzinza wa Chato aliyeolewa huku, na watu walimletea watoto wanaoshtuka usingizini na wanawake waliopandwa na mashetani. Mpaka leo wote walimwita mama Masalu, na mwenyewe hakuwahi kuwakataza. Walimkuta anamenya viazi chini ya upenu. Alimsikiliza mwanawe hadi mwisho, kisu kimesimama kwenye kiazi.

"Nani alikutuma umwite mwenzako kila siku kama mbwa?" alimuuliza.

"Nilitaka apande, mama."

"Apande aende wapi? Hana pa kulala." Aliweka kiazi chini. "Kwetu mtu akipotelea majini au porini, tunakata mgomba tunauzika, ndipo jina linapata nyumba. Hapa walikuja kuniambia nifanye hivyo, nikawafukuza. Nilisema siziki mgomba wakati mwanangu yu hai. Mimi nimeliacha jina nje kama nguo kwenye kamba, wewe ukawa unalipigia kelele kila siku. Sasa mnashangaa limevaliwa?"

"Na aliyelivaa yuko wapi sasa?" Esta aliuliza.

"Umesema huyu amelifuta. Basi amevuliwa. Aliye uchi hutafuta nguo ya jirani." Mwanamke yule alimtazama Esta kwa mara ya kwanza. "Mumeo anaitwa nani? Hapana, usiniambie. Msilitaje mpaka nimalize."

Alikata mgomba nyuma ya choo kwa panga, kipande cha urefu wa mtu, akaufunga kwenye kaniki kuukuu. Ulipandishwa kwenye pikapu juu ya majora, na Raudha hakusema lolote kuhusu vitambaa vya baba yake.

Isakala mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, bila upepo. Wachimbaji walikuwa wamejikunyata chini ya maturubai, wakiwatazama wageni kwa hasira ya watu waliozuiliwa kazi. Eustace alikuja mbio. Alikuwa ametuma watu chini mara mbili. Walizunguka kila tawi la duara hadi mwisho wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, na hawakuona mtu, ila wa pili walisema wamesikia nyundo. Sasa wawili walikuwa wameinama mdomoni mwa duara wakiita, "Ndaki. Ndaki wee," na kila walipoita, harufu ile ya udongo na baruti ilipanda kutoka shimoni, nene, na baruti ilikuwa haijawashwa.

"Nyamazeni," mama Masalu alisema. "Kila mkiliita mnamvisha."

Wakanyamaza. Aliwapeleka kwenye duara la zamani, hatua chache tu kutoka pale, kifusi kilichoota majani. Aliwaambia wachimbe kaburi la kawaida. Hakuna aliyebisha, kulikuwa na watu wazima pale waliomjua Masalu na waliokaa kimya siku ile ya kofia. Walichimba kwa masururu, maji yakijaa kadiri walivyochimba, na wakati wote huo, kutoka chini ya miguu yao, nyundo ilikuwa inawajibu, sururu moja kwa nyundo moja, ikiongeza kasi walipoongeza, hadi mmoja wao akatupa sururu akaondoka akitapika, na wengine wakaendelea bila kutazamana kwa sababu kila mmoja aliona kwamba akiinua macho atamwona mwenzake ana hofu naye atakimbia.

Mgomba uliposhushwa, mama Masalu alipiga magoti kwenye tope. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kalisti akamshika bega.

"Mama. Sema."

"Nitasema."

Mvua ikaendelea. Chini yao nyundo ikasimama, kama nayo inasikiliza.

"Masalu," mama yule alisema, kwa sauti ya mtu anayeamsha mtoto wa shule. "Mwanangu. Umekufa. Mimi mama yako nimekubali. Hii ndiyo nyumba yako, ingia, usitoke tena mtu akikuita, hata nikiwa mimi." Akatupa udongo wa kwanza. Kalisti akatupa wa pili, na wengine wakamalizia upesi.

Kisha akamgeukia Esta. "Sasa mwite wako. Jina lake usilitumie."

Esta hakuwahi kulitumia. Tangu mtoto wa kwanza azaliwe hakuwa amemwita mumewe kwa jina hilo. Aliinama juu ya mdomo wa duara la Ndaki, akashika gogo la winchi, akaita kwa sauti ile ile aliyokuwa anaitumia kumwita chakula kinapopoa.

"Baba Loveness."

Shimo lilikaa kimya. Harufu ilimjaa puani, na alihisi, au alidhani anahisi, kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake karibu sana, mtu aliyelowa, anayesubiri kwa hamu aongeze neno moja tu, lile jina, alitaje tu, na kwamba akikosa subira akalitaja basi atakayepanda na kurudi naye nyumbani na kulala ubavuni kwake miaka yote iliyobaki atakuwa ni huyo. Aliuma ulimi. Akaita tena.

"Baba Loveness. Panda."

"Nipo huku," mtu alijibu kutoka chini. "Leteni taa."

Alitoka kwenye tawi lile ambalo watu walikuwa wamelipekua mara mbili. Winchi ilimpandisha amejaa tope hadi kope, na mvua ilikatika akiwa anafunguliwa kamba. Akapewa maji, akayamwaga nusu.

"Kulikuwa na jamaa," alisema. "Nilimkuta kule mwisho amekaa. Nikamuuliza mbona hupandi, akasema kadi yake imefutwa. Akasema niazime yako nitangulie, nitakurudishia kwa winchi. Nikampa. Si ndivyo tunavyofanyaga? Akaondoka, na taa yangu ikazimika. Nikawa natembea, natembea, ukuta hauishi. Nilikuwa nasikia watu wananiita kwa jina, lakini kila nikitaka kuitika, kuna mtu anaitika kabla yangu."

Ni Raudha aliyeiona kadi, juu ya kaburi jipya, ambako dakika chache nyuma watu wote walikuwa wanapiga udongo kwa koleo. Ilikuwa imelowa, na jina la Ndaki limeandikwa vizuri. Mama Masalu aliichukua, akaivunja vipande viwili.

"Amekwisha?" Esta aliuliza.

"Mwanangu amelala, hilo nakuhakikishia. Huyo mwingine, kadi ameirudisha." Alifunga kaniki yake upya kiunoni. "Kama na jina amelirudisha, sijui, mayu, mama yangu. Sikudanganyi."

Kalisti alibaki Segese na mama yake. Kabla hawajaachana alimwambia Esta kwamba ataondoa majina ya watu kwenye majaribio yote, ataweka namba, na kwamba kuanzia sasa hakuna kigeugeu kitakachotengwa bila kujulikana sababu. Esta alisema sawa.

Walifika Nyihogo jua linazama. Ndaki aliingia kuoga, na Esta akainjika maji ya ugali, maana watoto walikuwa hawajala tangu shuleni. Loveness, bintiye wa kidato cha pili, alikuja kumsaidia kukata sukuma wiki.

"Mama, baba leo ana nini?"

"Amechoka. Kwa nini?"

"Alikuja mchana, akasimama hapo getini. Nikamwambia pita, hakupita. Akasema nimwite kwa jina lake ndipo aingie."

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. "Ukafanyaje?"

"Nikamwambia baba, tangu lini mtoto anamwita baba yake kwa jina? Nikadhani ananipima adabu. Alinitazama tu, mama. Alikuwa amelowa chapachapa. Wiliam akataka kumfuata, nikamshika."

"Alikuwa amelowa na mvua?"

"Hapana, mvua ilikuwa imeshakatika. Nilikuwa naanika nguo ulizoacha."

"Huko Kahama ilikatika saa ngapi?"

"Kabla hatujatoka shule, mama. Haikurudi tena."

Esta alihesabu kichwani kama aliyesimama getini alikuja kabla kadi haijarudishwa au baada. Mvua ya Isakala ilikatika Ndaki akiwa anafunguliwa kamba, na ile ya mjini huenda ilitangulia sana, huenda haikutangulia. Kuna hesabu mtu haimalizi hata akae nayo usiku kucha. Alisonga ugali hadi ukashika, akaupakua.

Walikaa mkekani. Ndaki alikuwa ameoga, amevaa shati safi, ananuka sabuni. Loveness alipitisha maji ya kunawa. Wiliam, wa darasa la pili, aliishika minofu ya samaki kabla ya wakati na akapigwa kofi dogo la mkono.

"Ngojeni," Esta alisema. "Mtu asile kwanza. Loveness."

"Abee, mama."

"Mdogo wake Loveness."

"Naam," Wiliam alisema, akicheka, kwa kuwa hakuwahi kuitwa hivyo.

"Baba Loveness."

Ndaki aliinua macho. "Nipo."

"Na mimi. Wanne."

"Tangu lini watu wanahesabiwa kama ng'ombe?" Ndaki alisema, lakini kwa upole.

Esta alikuwa ameona majaribio mengi yaliyopita mara moja. Alivuta sahani karibu, akamgawia kila mtu kipande chake cha samaki, akahakikisha mlango umefungwa, akakaa mahali anapowaona wote nyuso. Kisha akaanza upya kuanzia mwanzo, mmoja mmoja, taratibu, na safari hii hata Wiliam hakucheka. Loveness akaitika. Mdogo wake akaitika. Baba Loveness akaitika. Wote wanne walikuwepo.

"Haya," alisema. "Kuleni."